Mabalozi Wawili wa Ndege Moja

Juzi nilikuwa Kabalagala nikinunua ndizi za kuchoma, nikaliona gari la ubalozi mmoja limeegeshwa mbele ya baa, bendera inapepea kama sikukuu ya uhuru. Nikachungulia ndani. Balozi hayumo. Yumo dereva peke yake anakula chapati na mayai, na kiti cha nyuma kimejaa kreti za soda. Nilitaka kugonga kioo nimwambie, "Kijana, bendera hupepea balozi akiwa ndani. Hizo soda zinawakilisha taifa gani?" Lakini magoti yangu siku hizi hayapendi ugomvi, nami nimestaafu. Nikalipa ndizi zangu nikarudi nyumbani Kansanga, nikikasirika njia nzima.

Nimefika nyumbani, hasira haijaisha. Basi nimeona niwaandikie ninyi vijana mnaoingia kazi ya itifaki, ninyi wenye simu zinazowaambia jina la rais wa kila nchi na rangi za bendera yake. Sisi hatukuwa na simu hizo. Tulikuwa na pini, uzi, sindano, kanda ya wimbo wa taifa na miguu ya kukimbilia. Msinicheke. Siku kamba ya bendera itakapokatika mbele ya wageni mtaniuliza sindano niliiweka wapi.

Mimi naitwa Rehema. Baba yangu alikuwa polisi kutoka West Nile, Mwislamu ambaye alifunga hata akiwa zamu ya mchana juani. Mama ni Mkatoliki wa Gulu, na kila Ramadhani alimwamshia baba daku bila kukosa, kisha Jumapili akatuburuta sisi misani. Nilizaliwa katika kambi ya polisi ya Nsambya, na kambini Kiswahili ndicho kilichotukutanisha sote, wa kaskazini, wa mashariki, hata Wakenya waliokuja kuuza vitu vyao. Kilikuwa Kiswahili cha kuvunjavunja. Hiki kilichonyooka kidogo nilikipata baadaye, nilipopelekwa Dar es Salaam kikazi, na watu wa kule walinicheka mwaka mzima kabla ya kunirekebisha.

Niliingia idara ya itifaki kabla ya vita kwisha, na vilipokwisha mwaka ule wa themanini na sita nikabaki. Kubaki kwenyewe hakukuwa rahisi. Serikali ilikuwa mpya, jeshi jipya, na mtu wa kaskazini katika ofisi ya Kampala alikuwa akitazamwa mara mbili. Kaka yangu Saidi alikuwa askari wa jeshi lile lililoshindwa. Alifia njia ya Bombo mji ulipotekwa, tukamzika haraka haraka, watu wachache tu. Mimi baada ya majuma mawili nikarudi kazini nikiwa nimevaa blauzi yangu nyeupe, kama kwamba hapakutokea kitu.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Ssekitto, Muganda mrefu, mkimya, aliyepiga pasi suruali yake mwenyewe kwa sababu hakuna aliyemridhisha. Wakati wa vita yeye naye alimpoteza kaka yake, kule kwao kijijini, na waliomuua walikuwa wamevaa sare kama ile ya Saidi. Mimi nililijua hilo. Yeye la kwangu alilijua. Tulifanya kazi meza kwa meza na jambo hilo hatukuligusa kamwe. Tulizungumza habari za viti, magari na nani aketi wapi.

Kila nikijualo nilifundishwa naye. Alinifundisha kwamba Entebbe usisimame karibu na ndege mpaka injini zizimike, maana upepo utakupeperushia gauni lako la gomesi mbele ya mgeni wa taifa. Alinifundisha kuuliza jina la balozi linatamkwaje, na kumuuliza katibu wake, siyo yeye mwenyewe, kwa sababu mtu anayeulizwa jina lake hujiona hajulikani. Alinifundisha kumpa mgeni maji kabla ya kumpa maua. "Maua hayanyweki, Lehema," alikuwa akisema, maana ulimi wake wa Kiganda uligeuza r kuwa l, na mpaka leo natamani kuitwa hivyo.

Kuna siku bendi tuliyokuwa tukiitegemea ilikuwa haina tarumbeta za kutosha, nyingine zilikuwa zimepotea vitani. Tukaamua kupiga wimbo wa taifa wa mgeni kwa kanda. Kanda ilikuwa ya zamani, tumeipata chini ya kabati. Ikapigwa vizuri kabisa, balozi kasimama wima, mkono kifuani. Ilipokwisha akamgeukia Mzee Ssekitto akamwambia kwa upole, "Asante. Huo ulikuwa wimbo mzuri sana. Tuliuimba wakati ule tulipokuwa bado na mfalme." Tulitamani ardhi itumeze. Tangu siku hiyo hakuna kanda iliyopigwa kabla katibu wa ubalozi hajaisikiliza kwanza, ameketi, kwa masikio yake yote mawili. Nanyi fanyeni hivyo hivyo, hata kama siku hizi wimbo unatoka kwenye simu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mnajua kwamba balozi anapofika bado si balozi. Anaitwa balozi mteule. Mpaka siku atakapokwenda Ikulu na kukabidhi hati zake za utambulisho, hana bendera, hana sherehe ya kualikwa, hana ruhusa ya kusema kwa niaba ya nchi yake. Ni kama bwana harusi siku ya kwanjula, anapotambulishwa ukweni. Amevaa kanzu nzuri, ameleta vikapu, kila mtu anajua kilichomleta, lakini kusema hasemi. Anaketi kimya mkekani mpaka ukoo wa msichana umpokee.

Na jambo la pili mnalijua pia. Ukubwa wa mabalozi hauangalii umri wala utajiri wa nchi. Aliyekabidhi hati mapema ndiye mkubwa. Wakikabidhi siku moja, aliyeingia mlangoni kwanza ndiye mkubwa wa aliyeingia nyuma yake, na itabaki hivyo kila sherehe, kila mstari wa kumpa mgeni mkono, mpaka mmoja wao aondoke nchini. Na anayeingia kwanza ni yule aliyefika nchini kwanza. Ni kanuni safi. Mzee Ssekitto alikuwa akisema kanuni hii haijawahi kumletea mtu shida.

Basi miaka ile ya mwanzo, balozi nyingi zilizofungwa wakati wa vita zikaanza kufunguliwa. Siku moja nikatumwa Entebbe kupokea mabalozi wateule wawili waliokuja kwa ndege moja kutoka Nairobi. Nchi zao sizitaji. Zilikuwa za mbali, jirani wao kwa wao, zinatenganishwa na mto tu, zina lugha moja, na zilikuwa zimetoka kupigana vita vibaya. Mmoja alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, nitamwita Ndevu. Mwingine alikuwa wa makamo, mwenye miwani nzito, nitamwita Miwani. Kwa sababu wote ni watu wa daraja la mbele, shirika la ndege likawaketisha kiti kwa kiti, halikujua linafanya nini.

Mlango wa ndege ulipofunguliwa Ndevu alitoka wa kwanza. Nilimwona mimi mwenyewe, nimesimama chini ya ngazi na maji yangu. Upepo wa ziwa ukaipiga kofia yake, akasimama juu pale kuikamata. Miwani akampita ubavuni, akashuka ngazi, akakanyaga lami. Ndevu akafuata.

Kesho yake asubuhi wote wawili walikuwa wizarani. Ndevu anasema alitoka kwanza. Miwani anasema alikanyaga kwanza. Wamefika kabla ofisi hazijafunguliwa, kila mmoja ndani ya gari lake getini, na hakuna aliyekubali gari la mwenzake litangulie kuingia, mpaka askari wa getini akawafungulia malango mawili kwa pamoja.

Mzee Ssekitto aliwasikiliza, akawapa chai, akawasindikiza. Kisha akafunga mlango akaniangalia.

"Lehema, wewe ndiye ulikuwa chini ya ngazi. Nani alifika kwanza?"

"Ssebo," nikamjibu kwa neno la Kiganda la kumheshimu bwana, "mmoja alitoka kwanza, mwingine alikanyaga kwanza."

"Hilo nimeshalisikia. Nani alifika?"

Akaketi kitini kwake. Akaniambia Ndevu ameapa kwamba akiwekwa nyuma ya yule mtu atafunga mizigo arudi kwao, na hati zake ndani ya bahasha, na ubalozi ule hautafunguliwa tena. Nchi ya Ndevu ndiyo iliyokuwa ikiwafundisha wakunga wetu kabla ya vita vyetu. Wakubwa walikuwa wanamtaka sana.

"Na kuna neno lingine," akasema. "Wako watu wananiuliza habali zako kila wiki. Wananiuliza kwa nini mtu wa kule bado yuko ofisi hii. Mimi nawajibu kwamba unajua kazi. Huyu mzee akiondoka kwa sababu yako, sitakuwa na jibu tena. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nyumbani Nsambya palikuwa na Mama na watoto wa Saidi, na mshahara ulioingia pale ulikuwa wangu tu. Nilitoka ofisini nikaenda kutafuta gari.

Ikulu ilikuwa imetupa ofisa wa kushughulikia magari na gwaride la heshima, Kapteni Mugarura, kijana wa Mbarara aliyetoka msituni na jeshi lililoshinda. Mngetegemea mimi na yeye tuumane. Siku za kwanza kweli tulikuwa tunasemezana kama watu wanaopeana chumvi mezani, neno la lazima tu. Mpaka siku moja alikuja kambini kwetu kunichukua kwa mazoezi ya gwaride, akaiona picha ya Saidi ukutani, akiwa na sare yake. Kapteni alisimama pale mlangoni. Akavua kofia, akavua na viatu, akaingia akaketi mkekani mbele ya Mama.

"Pole, mama," akasema. "Mimi sikumjua. Lakini pole sana."

Mama akaniambia nilete chai, na akamwekea sukari mwenyewe, wakati ule sukari haipatikani. Kapteni alipotoka nje kuwasha gari, Mama akaniambia, "Huyu sasa unaweza kufanya naye kazi. Yule asiyekupa pole, kila mnalozungumza mnalirusha juu ya maiti iliyo katikati yenu."

Ni huyo Kapteni aliyenipeleka hotelini kwa Ndevu siku ile. Mabalozi wote wawili walikuwa wamewekwa hoteli moja, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na maji, na hata hayo maji yalipanda ghorofani kwa jerikeni. Nilipanga kumwomba Ndevu akubali kura ya nani atangulie. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno matamu njiani.

Maneno yakaniishia mlangoni. Juu ya meza, kando ya sahani ya maharage ambayo hakuigusa, palikuwa na picha ya kijana mwenye sare. Ndevu aliniona nikiitazama.

"Ni kitinda mimba wangu," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Aliuawa mtoni. Ule upande wa pili ni wao."

Akanitajia jina la kijana yule. Nikapiga goti nikampa pole, kama ninavyompa mtu yeyote. Kapteni naye, nyuma yangu, akavua kofia akasema, "Pole sana, mzee."

Ndevu akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nchi hii watu wenu wananiambia pole wote. Anayeniletea maji ya kuoga ameniambia. Anayefagia ameniambia. Yule mtu nimeketi naye bega kwa bega kutoka Nairobi, anajua, kwetu kila mtu anajua, na alijificha nyuma ya gazeti mpaka tukatua. Mama wa huyu mtoto yuko nyumbani, hakuweza kuja. Nilimwahidi kwamba sitatembea nyuma ya watu wale. Ndiyo yote. Mlango wenyewe siutaki."

Tukashuka ngazi. Kapteni akasimama katikati ya ngazi akajikuna kichwa. "Dada, hii maneno si ya mlango."

"Nimesikia."

"Sasa tunafanya nini?"

Nilikuwa nafikiri. Mabalozi wa nchi mbili zilizopigana hawakutanishwi na ofisa mdogo wa itifaki. Hilo lina njia yake, na njia ile inapita kwa wakuu wangu, kwa wakuu wao, na inachukua miezi. Nikilifanya mwenyewe na likaharibika, hata Mzee Ssekitto hangeniuliza kitu, angenionyesha mlango tu. Nikawaza chakula cha watoto wa Saidi. Kisha nikashuka mpaka korido ya chini, nikagonga kwa Miwani.

Miwani alikuwa mtu mwenye adabu. Alitukaribisha, akatoa nguo kwenye viti tukae. Nikamweleza bila kuzunguka. Alisikiliza huku akizipangusa zile miwani, akizivaa, akizivua tena.

"Mnadhani sijui?" akasema. "Ndani ya ndege nilishika gazeti lile, hata neno moja sikusoma. Lakini nikisema pole, nyumbani watauliza, nchi yetu imekubali kosa? Nani amekutuma? Siwezi kufungua mdomo bila kuuliza kwetu. Na nikiuliza, watakataa."

Hapo ndipo yale mafunzo ya Mzee Ssekitto yalipokuja kunisaidia, ingawa mwenyewe hakuwapo.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "nchi yako haiwezi kusema kitu hapa Uganda. Bado haina balozi. Hati zako ziko kwenye bahasha. Juma lijalo zikishapokelewa, ukikohoa itakuwa nchi imekohoa. Lakini leo wewe ni mgeni tu anayekaa hotelini, na mwenzako wa korido ya juu amefiwa. Leo mdomo ni wako."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa hana nguo. Akamgeukia Kapteni, na Kapteni naye hakuwa mtu wa maneno marefu.

"Mimi nilienda kwa mama ya huyu," akasema akininyooshea kidole. "Ndugu yake alikuwa adui yangu. Jeshi haikunituma. Nilienda na miguu yangu."

"Na ikawaje?"

"Alinipatia chai na sukari."

Miwani akatusindikiza mpaka mlangoni. Tukaaga. Nilikwenda nyumbani nikiwa na hakika nimejifukuzisha kazi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kesho yake mchana tulirudi pale hotelini, eti kukagua magari. Tulikuwa koridoni juu tukijifanya tunaangalia dirisha lililovunjika, Miwani akapanda ngazi. Amevaa shati tu, hana koti wala tai. Alitupita bila kutuona. Akasimama mbele ya mlango wa Ndevu muda mrefu, nami nikamwona akiinua mkono na kuushusha. Kapteni akanibana kiwiko. Mwishowe akagonga.

Ndevu akafungua. Walisimama wakatazamana, mlango katikati yao. Miwani akaanza kusema kwa lugha yao ile moja, na mimi sikuelewa, niliambulia neno moja tu, jina la yule kijana. Alilitaja mara mbili. Ndevu alishika mwimo wa mlango kama mtu anayeogopa kuanguka. Kisha akasogea upande, na Miwani akaingia, na mlango ukafungwa.

Nawaambia ukweli, nililia. Nililia pale koridoni nikiwa na blauzi yangu nyeupe ya kazini, na Kapteni akaniazima leso yake ya kijeshi iliyonuka mafuta ya bunduki. Baadaye kidogo mhudumu alipita na birika la chai na vikombe viwili akaingia mle. Akatoka. Kisha akaitwa apeleke lingine.

Siku ya hati ikafika. Mzee Ssekitto alikuwa hajui lolote. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za Ikulu, suruali imenyooka, bendi iko tayari, gwaride limejipanga, jua linawaka. Magari yakafika, wote wawili wakashuka. Mzee Ssekitto akanisogelea akasema kwa meno yaliyofungwa, "Sema sasa. Nani anaingia kwanza?"

Kabla sijafungua mdomo, Ndevu akamwambia Miwani, "Tangulia wewe."

Miwani akarudi nyuma hatua. "Haiwezekani. Tangulia wewe."

"Wewe ndiye uliyekanyaga kwanza."

"Wewe ndiye uliyetoka kwanza. Nilikupita kwa kukosa adabu."

"Nakuomba."

"Mimi ndiye ninayekuomba."

Mwenye kuongoza bendi alikuwa ameshainua mkono, akaushusha. Askari wa gwaride walianza kutazamana kwa pembe za macho. Mzee Ssekitto alinigeukia, na nilikuwa sijawahi kumwona na jasho usoni.

"Lehema! Banange, jamani, hawa ni watu gani? Walitaka kuuana kwa sababu ya huu mlango. Sasa mlango hauna mwenyewe!"

Kapteni Mugarura, ameshika upanga wake wa gwaride, akaninong'oneza, "Dada, ilikuwa afadhali vile walikuwa wanagombana."

Ndani walikuwa wanasubiri. Huwezi kumsubirisha mkuu wa nchi kwa sababu mabalozi wako wana adabu nyingi. Nilimwendea Ndevu. Sikuwa nimepanga la kusema, nilisema lile nililokuwa nalo.

"Mzee, kwetu siku ya maziko aliyefiwa ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Hatumtangulizi kwa ukubwa. Tunamtanguliza kwa sababu msiba ni wake, na sisi tuko nyuma yake. Ingia."

Alinitazama. Akamtazama Miwani, na Miwani akainamisha kichwa, akaweka mkono kifuani. Ndevu akashika bahasha yake kwa mikono miwili, bendi ikapiga, akapanda zile ngazi akaingia. Miwani alibaki amesimama juani, wima, mpaka mwenzake alipotoka.

Miaka yote waliyokaa Kampala walisimama pamoja katika kila mstari, Ndevu mbele, Miwani nyuma yake. Mabalozi wengine walidhani wale wawili ni ndugu. Wakunga walirudi darasani, na mmoja wao ndiye aliyemzalisha binti yangu, lakini hilo nitawasimulia tukikutana kwa chai.

Alasiri ile Mzee Ssekitto aliniita. Alikuwa ameshasikia, sijui kwa nani, labda kwa Kapteni, maana yule akishiba huwa hafichi kitu. Alikuwa amesimama dirishani, kanipa mgongo.

"Nani alikupa luhusa ya kuwakutanisha wale watu?"

"Hakuna, ssebo."

"Mimi sikukupa."

"Hukunipa."

Nilishika mkoba wangu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba sitalia mbele yake, nitalia nikifika kwenye msongamano wa Nakivubo ambako hakuna anayemtazama mwenzake.

"Wale wanaouliza habali zako," akasema, "leo wamepiga simu tena. Nimewaambia wasinipigie tena."

Kisha akageuka. Niliona midomo yake inatafuta neno, yeye ambaye siku zote maneno yake yalikuwa yamepigwa pasi kama suruali zake.

"Lehema, ndugu yako alikufa, na wewe ulikuja kazini, na mimi nikakupa olodha ya viti uipange. Pole. Pole sana."

Nikauweka mkoba mezani.

"Nimepoa, ssebo," nikamjibu. "Na wewe, pole kwa kaka yako."

"Nimepoa," akasema.

Nje watu walikuwa wanatoka kazini, tunazisikia honi. Ndipo akajifuta uso, akakohoa, akaniambia kwamba kesho kuna ndege ya asubuhi, ina balozi mmoja tu, Mungu asifiwe, na nisichelewe Entebbe.